Siku mbili za batiki: yanayoharibika ukifika nyumbani

Kwenye mafunzo mafupi ya batiki, yaani kuchora kitambaa kwa nta ili rangi isiingie palipochorwa, hukutana watu ambao kwa kawaida hawakai meza moja. Fundi cherehani aliyechoka kununua vitambaa vya wenzake, mwalimu anayekaribia kustaafu, binti aliyemaliza chuo na hajapata kazi, mama wa vikoba aliyetumwa na kikundi chake. SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania lililoanzishwa mwaka 1973, limefundisha ufundi wa aina hii mikoani kwa miaka mingi, na siku hizi vikundi vya mitaani na wasanii binafsi nao hufungua madarasa ya siku mbili au tatu. Jioni ya siku ya mwisho kila mshiriki huondoka na kipande kizuri. Halafu ananunua vifaa, anajaribu nyumbani, na kitambaa kinatoka na mabaka au kinachuja kwenye maji ya kwanza. Mtu anavunjika moyo, anajiambia hana mkono wa batiki.

Mkono anao. Darasani mwezeshaji alikuwa anaangalia nta na maji kwa macho yake mwenyewe na kurekebisha kimyakimya, wakati washiriki wanaandika idadi ya vijiko. Tuliopitia madarasa haya, kwanza kama wanafunzi na baadaye kama wasaidizi, tumeona makosa yaleyale yakirudi, na karibu yote yana dalili inayoonekana mapema. Nitayafuata kwa mpangilio wa siku zenyewe.

Kabla ya kulipa ada uliza maswali matatu. Kila mtu atafanya kitambaa chake tangu kufua mpaka kutoa nta, au mwezeshaji atafanya huku wengine wanatazama? Kuna mizani? Majiko mangapi, kwa watu wangapi? Watu kumi kwa jiko moja la nta maana yake ni kusubiri zamu, na nta humsubiri mtu vibaya sana: inapoa. Uliza pia kama ada imebeba kitambaa, rangi na glavu, maana wengi hushtuka asubuhi ya kwanza wakiambiwa kila mmoja alete mita zake mbili.

Asubuhi ya kwanza kila mtu anataka kushika brashi, lakini saa zinazoamua kila kitu ni hizi za kufua. Kitambaa cha dukani, hata cheupe na kizuri kiasi gani, kina wanga na mafuta ya kiwandani. Rangi ikikuta wanga inakaa juu juu, ikikuta sehemu isiyo na wanga inaingia. Hapo ndipo mabaka yanapozaliwa, na watu huilaumu rangi. Chemsha kitambaa dakika 30 kwenye maji yenye sabuni ya unga na kijiko kikubwa cha magadi soda kwa kila lita 5, kisha suuza mpaka maji yawe meupe. Kikikauka, dondoshea tone moja la maji. Likizama papo hapo, kitambaa kiko tayari. Likisimama kama umande kwenye jani la mgomba, rudia. Usiogope kurudia mara mbili.

Hakikisha pia ni pamba tupu. Muuzaji anaweza kusema kotoni kwa moyo safi kabisa na kitambaa kikawa kimechanganywa na poliesta. Chomoa nyuzi chache, zichome: pamba inaungua kama karatasi, inaacha jivu laini la kijivu na harufu ya karatasi, poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Rangi za batiki haziingii kwenye poliesta, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu utatoka umepauka hata ukilaza kitambaa kwenye ndoo usiku kucha. Kwa kuanzia, marikani nzuri au popelini ya pamba inatosha. Na mwanafunzi mpya aanze na vipande vya nusu mita kwa nusu mita, asianze na gauni zima la mita tano. Kitambaa ndicho kinachokula pesa kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, na kipande cha kwanza karibu kila mara kinaharibika mahali fulani.

Mchana wa siku ya kwanza ni wa nta. Nta ya nyuki peke yake inashika vizuri na inakunjika bila kuvunjika, lakini ni ghali. Parafini, yaani nta ya mishumaa, ni rahisi ila ni kavu; ikikunjwa inapasuka, na rangi inapita kwenye nyufa na kuchora ile mishipa midogo ambayo watu wengi wanaipenda kwenye batiki. Sehemu 6 za parafini kwa 4 za nta ya nyuki ni mchanganyiko mzuri wa kujifunzia. Ukitaka nyufa zaidi, ongeza parafini. Ukitaka mistari safi, ongeza ya nyuki. (Hata vitenge vya kiwandani vinavyoitwa wax vilianza kama jitihada za Waholanzi kuiga kwa mashine batiki ya Java, na mishipa ile ya nyufa ikabaki humo mpaka leo kama pambo.)

Dalili ya nta kuwa tayari iko kwenye kitambaa, haiko kwenye sufuria. Chovya brashi, iache inywe nta kwa nusu dakika, kisha vuta mstari mmoja kwenye kipande cha majaribio. Nta iliyo sawa inafanya kitambaa kionekane kama kimeloa mafuta, unakaribia kuona kidole chako upande wa pili. Geuza: mstari uonekane nyuma vilevile kama mbele. Nta iliyopoa inaganda juu, nyeupe au ya manjano, kama tone la mshumaa mezani. Kwa mbele utadhani umefanya kazi nzuri, lakini rangi itapita chini yake na mchoro wako utapotea wote. Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, kwa sababu linaonekana kesho yake, saa nyingi za kuchora zikiwa zimeshapita. Kwa hiyo kila baada ya mistari kumi hivi, geuza kitambaa. Palipo na kasoro, paka nta upande wa nyuma.

Nta ikianza kutoa moshi imezidi moto, itoe jikoni. Ikishika moto, funika kwa mfuniko na uzime jiko. Usimwagie maji hata tone, maana maji yanachemka ghafla chini ya nta na kuirusha ikiwa inawaka. Kwenye jiko la mkaa hatari ni kubwa zaidi kwa sababu huwezi kupunguza moto papo hapo, na tone linalochuruzika ukutani mwa sufuria linafika kwenye makaa. Njia salama kwa anayeanza ni kuweka kopo la nta ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka. Nta haitazidi joto la maji, itakuwa nzito kidogo, lakini itapenya ukifanya kazi pole pole na kitambaa chepesi.

Brashi ziwe za nywele za asili, kwa sababu za nailoni hujikunja kwenye nta ya moto. Asiyejua kuchora asihangaike na brashi. Kata umbo kwenye kipande cha sponji ya godoro, kibandike kwenye kibao chenye mshikio, chovya, kamua kidogo ukingoni mwa sufuria, gonga kitambaani. Darasa lenye watu wa viwango tofauti husawazishwa na mihuri hii: aliyeshika nta kwa mara ya kwanza anaweza kupata kazi safi kando ya msanii mzoefu, na msanii mzoefu akagundua kwamba kujaza mita tatu kwa brashi ni kazi ya siku nzima.

Siku ya pili ni ya rangi, na hapa ndipo vijiko vinapotuponza. Rangi inayotumika sana kwenye batiki yetu haiyeyuki kwenye maji yenyewe. Ni familia ileile ya rangi iliyozaliwa mwaka 1901, pale René Bohn wa BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, alipotengeneza rangi ya buluu iitwayo indanthrene, na sifa yake kubwa ni kutochuja kwa jua wala sabuni. Ili iingie kwenye uzi inabidi ivuliwe oksijeni: kostiki soda inaandaa maji, haidrosulfaiti, ambayo wengi huiita haidro tu, inaondoa oksijeni, rangi inayeyuka na kuingia kwenye pamba; ukikitoa kitambaa hewani oksijeni inarudi, na rangi inafungiwa humo ndani.

Pima kitambaa kikiwa kikavu, kabla ya nta. Mita 5 za popelini yenye upana wa sentimita 115 hukaribia gramu 700. Kwa kilo moja ya kitambaa, gramu 20 za rangi hutoa rangi ya wastani na gramu 40 hutoa iliyokolea. Kwa ndoo ya lita 10, andaa kostiki gramu 50 na haidro gramu 60. Nasisitiza gramu. Kostiki ya mapande na kostiki ya chembe hazilingani uzito kwenye kijiko kimoja, na mizani ndogo ya betri inayoonesha gramu moja moja hurudisha gharama yake mapema, kwa vitambaa ambavyo hukuviharibu.

Koroga rangi kwa maji kidogo ya moto iwe kama uji. Ongeza lita moja ya maji ya moto ambayo hayajafika kuchemka, weka nusu ya kostiki, kisha nyunyiza nusu ya haidro, koroga taratibu bila kupiga povu, funika dakika 10 hadi 15. Wakati huo andaa ndoo ya maji ya uvuguvugu, weka kostiki na haidro iliyobaki, halafu mimina mchanganyiko wako. Joto liwe la maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Zaidi ya hapo nta italainika na kuachia.

Sasa tazama rangi ya maji. Njano nyingi za aina hii zikiwa tayari maji yake huwa ya buluu au zambarau, na mwanafunzi mpya huamini kauziwa rangi siyo. Kijani huonekana buluu. Juu ya maji hujikusanya utando unaong'aa kama shaba. Huo ni wa kawaida, ni rangi inayogusana na hewa. Tumbukiza kitambaa kikiwa kimeloweshwa maji safi, kizame chote, kigeuzwe kwa kijiti bila kukitoa nje kwa dakika 20. Kisha kivute juu. Kwa njano ni jambo ambalo halichoshi kutazama hata ukiliona mara mia: kitambaa kinatoka na buluu nzito, kingo zinaanza kuwa kijani, kijani kinakimbilia katikati, na ndani ya dakika chache kitambaa chote kimekuwa njano ya embe. Darasa zima hunyamaza.

Furaha ile inaficha somo. Kitambaa cha tatu au cha nne kikitoka kimefifia, mkono wa kila mtu hukimbilia kwenye kopo la rangi. Tazama maji kwanza. Kama maji ya njano yameanza kuwa ya njano, rangi ingalimo ndooni. Kilichoisha ni haidro. Ongeza gramu 15 za haidro na kidogo ya kostiki, funika dakika 10, na maji yakirudi buluu endelea. Ukiongeza rangi hapo unatupa pesa, na rangi isiyoyeyuka itabaki juu ya kitambaa kama vumbi, ichujie kwenye nguo za mteja.

Ipo hasara nyingine inayotokana na soko. Rangi za unga huuzwa kwenye vifuko visivyo na maandishi, na baadhi si za familia hii kabisa. Zipo zile zinazoshikana na uzi zenyewe, ambazo ziliingia sokoni mwaka 1956 kwa jina la Procion. Hizo hutaka chumvi na soda ash, wala hazitaki haidro. Nyingi ukiziwekea haidro rangi inafutika mbele ya macho yako, maji yanabaki kama chai ya rangi iliyochujwa mara tano. Kwa hiyo jaribu kila kifuko kipya kwenye glasi moja kabla ya kukimwaga kwenye ndoo, na muulize muuzaji inapikwa na nini.

Kuhusu kostiki sitazunguka. Inaunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Daima mimina kostiki kwenye maji, pole pole, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, kwa sababu huchemka na kuruka. Glavu ndefu za mpira, miwani, viatu vya kufunika, mtoto asiwe karibu. Ikigusa ngozi, maji mengi yanayotiririka, mara moja. Ikiingia jichoni, maji yanayotiririka kwa dakika 20 na moja kwa moja hospitali. Usitumie sufuria ya aluminiamu: kostiki inaila, inatoa povu na gesi inayoweza kuwaka, na sufuria inatoboka. Ndoo ya plastiki ngumu, chuma kisichoshika kutu au beseni la enameli lisilobanduka vinafaa. Haidro nayo ina tabia yake. Kijiko chenye unyevu ndani ya kopo la haidro kinatosha kulifanya lipate joto, litoe harufu kali na hata kushika moto. Kijiko kikavu, mfuniko uliokaza, mahali pakavu mbali na jiko. Kopo lililokaa wazi miezi kadhaa kwenye hewa ya pwani huwa limeshapoteza nguvu. Unapima gramu 60 na kupata kazi ya gramu 20. Nunua kidogo kidogo.

Ukitaka rangi ya pili, anzia na iliyo nyepesi. Njano kwanza, kisha nta juu ya sehemu unazotaka zibaki njano, kisha nyekundu au buluu. Buluu juu ya njano itakupa kijani, kwa hiyo panga mapema. Ndoo ya pili nayo ina haidro, na haidro hiyo itaivua kidogo ile njano ya mwanzo. Sehemu yake itahamia ndooni. Usikiache kitambaa humo muda mrefu, na maji yale usiyatumie tena kwa kitambaa kinachotakiwa kuwa na buluu safi.

Kitambaa kikishageuka rangi chote, kianike kivulini dakika 20, kisuuze maji baridi, kisha ndoo ya mwisho yenye nusu kikombe cha siki kwa lita 10 ili kuua mabaki ya kostiki. Kutoa nta kunafanywa kwa haraka kwa sababu ni jioni na watu wanaangalia daladala, na ni makosa. Sufuria kubwa, maji yanayochemka kwa nguvu, sabuni na magadi soda, kitambaa kiingie, kipigwe kwa mti dakika 5, kihamishwe ghafla kwenye maji baridi. Nta inaganda na kupukutika ukikikunguta. Rudia mara mbili au tatu kwa maji mapya. Uchemshaji huu pia ndio unaoondoa rangi ya juu juu na kuleta rangi halisi. Kitambaa kilichotolewa nta kwa pasi na magazeti peke yake kitachuja tu. Pasi na magazeti ni vya kumalizia.

Maji ya nta yasimwagwe kwenye sinki wala karo. Yaache yapoe, nta itaelea kama sahani, ioshe, ikaushe, itumike tena. Maji ya rangi yaache wazi usiku kucha haidro iishe nguvu, kisha yamwagwe kwenye shimo mbali na kisima na bustani.

Ukirudi nyumbani, rudia kitambaa kilekile cha darasani kabla ya kubuni kipya, ndani ya wiki hiyohiyo. Tunza daftari: uzito wa kitambaa, gramu za kila kitu, dakika, hali ya maji, na kipande cha kitambaa chenyewe kimebanwa kwa pini pembeni. Kwenye bei hesabu kitambaa, rangi, kostiki, haidro, nta iliyopotea, mkaa au gesi, maji, glavu, na siku zako mbili za kazi. Wengi huacha mkaa na siku zao, kisha wanashangaa faida imekwenda wapi.

Na oda za sare zina mtego wake. Kikundi kikitaka vitambaa 12 vinavyofanana kwa ajili ya harusi, usipake rangi vitambaa sita leo na sita kesho. Ndoo mbili hazitoi rangi moja hata kwa vipimo vilevile, maana maji ya uvuguvugu ya leo si ya kesho na haidro imeshafunguliwa. Tafuta pipa la kutosha au punguza oda. Ukilazimika kugawa, changanya rangi ya lita zote kwa mkupuo mmoja na uwe na msaidizi wa kutumbukiza vitambaa kwenye ndoo ya pili dakika hiyohiyo. Paka na kitambaa cha 13, kwa sababu wiki moja kabla ya harusi shangazi atatokea kutoka Tanga naye anataka sare.